Kufukuzwa kazi Marekani bila kutajiwa kosa: Je, kuna haki inayobaki?

MIEZI michache iliyopita simu yangu iliita usiku wa manane. Aliyepiga ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi Marekani katika jimbo la Ohio, ambako alikuwa akifanya kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala. Baada ya salamu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kaka, wamenifukuza. Nimeuliza kosa langu, nimeambiwa hapa sheria haimlazimishi mwajiri kutaja kosa."

Nikamuuliza ni jambo gani lililotangulia. Akaniambia kuwa wiki mbili kabla alimwomba msimamizi wake asogezewe muda wa chakula cha mchana siku ya Ijumaa ili awahi swala, na dakika atakazochelewa azifidie jioni. Msimamizi akasema ataangalia. Ijumaa iliyofuata akakumbushia, akajibiwa kuwa asiwasumbue watu na mambo ya dini yake. Siku nne baadaye akaitwa ofisini, akapewa karatasi ya kusaini pamoja na ahadi ya malipo ya wiki mbili. Alikuwa na kalamu mkononi.

Nilimwambia neno moja tu: "Usisaini leo."

Mimi si mwanasheria. Ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, na kazi yangu ni kusoma na kufundisha. Lakini mama mdogo anategemea fedha za kijana huyo kulipa ada za watoto wawili, na jambo likifika hapo huwezi kusema "hilo si somo langu". Nikakaa chini kusoma sheria za huko na maelezo ya taasisi zinazozisimamia. Niliyoyapata nimeona niyaweke hapa, kwani ni familia chache mjini zisizo na ndugu, jirani au rafiki anayetafuta riziki Marekani. Wengi wao wakiambiwa "sheria ya hapa ndivyo ilivyo", huinamisha kichwa na kuondoka.

Ajira ya hiari maana yake nini?

Sheria aliyotajiwa mdogo wangu ipo kweli. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita ajira ya hiari. Maana yake ni kuwa, pasipokuwa na mkataba unaosema vingine, mwajiri anaweza kumwachisha mfanyakazi wakati wowote, kwa sababu yoyote au bila sababu, na bila kutoa notisi. Mfanyakazi naye anaweza kuondoka wakati wowote bila kudaiwa kitu. Huu ndio utaratibu katika majimbo 49 kati ya 50. Jimbo pekee lililojitoa ni Montana, ambalo tangu mwaka 1987 lina sheria inayomtaka mwajiri awe na sababu ya msingi ya kumfukuza mfanyakazi aliyekwisha kumaliza muda wa majaribio.

Utaratibu huu haukuanza na taifa hilo. Waingereza, ambao Wamarekani walirithi sheria zao, walikuwa na kanuni kuwa mtu akiajiriwa bila kutajiwa muda, huchukuliwa kuwa ameajiriwa kwa mwaka mzima. Mwaka 1877 mwanasheria wa Kimarekani, Horace Wood, aliandika kitabu juu ya mwajiri na mtumishi akidai kuwa ajira isiyotajwa muda inaweza kukatwa saa yoyote. Mwaka 1884 mahakama ya juu ya jimbo la Tennessee, katika kesi iliyohusu kampuni ya reli, ikakubali kuwa mwajiri anaweza kufukuza kwa sababu nzuri, bila sababu, na hata kwa sababu mbaya kimaadili, bila kuhesabiwa kuwa amevunja sheria. Zama hizo viwanda na reli vilikuwa vinapanuka kwa kasi, na wenye mali walitaka mikono yao iwe huru. Majimbo mengine yakafuata.

Inasemwa kuwa hiari hiyo ni ya pande zote mbili. Kwa maandishi ni kweli. Lakini kampuni yenye watu 1,000 ikiondokewa na mmoja, haitikisiki. Mtu mwenye kazi moja akiondokewa nayo, kodi ya nyumba inasimama, na watoto walioko Dar es Salaam au Mombasa wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Usawa wa namna hiyo umo kwenye karatasi tu.

Bila sababu si sawa na kwa sababu yoyote ile

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, na ndipo wengi wanapopotea. Sheria ya leo inamruhusu mwajiri kufukuza bila kutaja sababu. Haimruhusu kufukuza kwa sababu iliyokatazwa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Katika miaka 140 iliyopita sheria ile ya hiari imewekewa mipaka mingi. Mkubwa zaidi ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, iliyopatikana baada ya mapambano marefu ya watu weusi wa Marekani. Sehemu yake ya saba inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumfukuza mtu kwa sababu ya rangi, asili ya taifa lake, dini au jinsia yake. Mwaka 1967 ikapitishwa sheria inayowalinda wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, pale mwajiri anapokuwa na wafanyakazi 20 au zaidi. Mwaka 1978 ikaongezwa kinga kwa wajawazito, na mwaka 1990 kwa wenye ulemavu.

Aidha, kuna makosa ya kulipiza kisasi. Mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa kuwa amelalamikia ubaguzi, amedai malipo ya saa za ziada, ameripoti hatari kazini, au ameungana na wenzake kuzungumzia mishahara na hali ya kazi. Hili la mwisho linalindwa na sheria ya mwaka 1935, hata kama hapo kazini hakuna chama cha wafanyakazi. Kadhalika, mwaka 1993 ilipitishwa sheria inayompa mfanyakazi likizo isiyo na malipo hadi wiki 12 kwa ajili ya ugonjwa, kujifungua au kuuguza mzazi, mume, mke au mtoto, bila kupoteza kazi. Hiyo inawahusu waajiri wenye watu 50 au zaidi, na mfanyakazi awe ametimiza mwaka mmoja na saa 1,250 za kazi.

Mahakama za majimbo nazo zimeweka mipaka yao. Mwaka 1959 mahakama ya California iliamua kuwa mfanyakazi aliyefukuzwa kwa kukataa kusema uongo baada ya kula kiapo ana haki ya kushitaki, kwani hiari ya mwajiri haiwezi kutumika kumlazimisha mtu kuvunja sheria. Katika miaka ya 1980, mahakama za Michigan na New Jersey zikasema kuwa kitabu cha kanuni za kampuni kikiahidi kuwa mtu hatafukuzwa bila kosa, ahadi hiyo inaweza kumfunga mwajiri kama mkataba. Ndiyo maana vitabu vingi vya kampuni sasa hutanguliza tamko kuwa kitabu hicho si mkataba.

Swali la dini

Turudi kwa mdogo wangu. Je, kuomba muda wa swala ni haki au ni hisani ya msimamizi?

Sheria ya 1964, kama ilivyorekebishwa mwaka 1972, inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi nafasi ya kutekeleza dini yake, isipokuwa pale itakapomletea mwajiri ugumu mkubwa. Kwa miaka mingi maneno "ugumu mkubwa" yalitafsiriwa kwa wepesi mno. Katika uamuzi wa mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitumia maneno yaliyofanya mahakama nyingi za chini ziamini kuwa gharama ndogo tu inatosha kumpa mwajiri udhuru. Hali hiyo ilibadilika Juni 2023. Katika kesi ya Groff, mpeleka barua Mkristo aliyekataa kufanya kazi Jumapili, mahakama hiyo ilisema kwa kauli moja kuwa mwajiri anapaswa kuonesha kuwa nafasi hiyo itamwongezea gharama kubwa kwa kulinganisha na shughuli zake. Msomaji azingatie kuwa aliyefungua mlango huo ni Mkristo, na wanaoupitia ni watu wa dini zote.

Kabla ya hapo, mwaka 2015, mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya Samantha Elauf, binti wa Kiislamu aliyenyimwa kazi katika duka la nguo la Abercrombie & Fitch huko Oklahoma kwa sababu alivaa hijabu kwenye usaili. Kampuni ilijitetea kuwa hakuwaambia rasmi kuwa hijabu ni ya dini. Majaji wanane kwa mmoja walikataa utetezi huo. Walisema mwajiri akikataa kumwajiri mtu ili aepuke kumpa nafasi ya kutekeleza dini yake, amevunja sheria, hata kama hakuwa na uhakika.

Kwa hiyo ombi la dakika chache za Ijumaa, linalokuja na ahadi ya kuzifidia, si jambo la kupuuzwa. Haina maana kuwa kila ombi litakubaliwa. Mahali ambapo mtambo hauwezi kuachwa na hakuna wa kushika zamu, mwajiri anaweza kuwa na hoja. Lakini anatakiwa aitoe hoja hiyo. Kumjibu mtu kwa kejeli na kumfukuza baada ya siku nne si hoja.

Nani anathibitisha?

Ugumu uko kwenye ushahidi. Huko Marekani mzigo wa kuthibitisha uko kwa mfanyakazi. Mahakama nyingi hufuata hatua tatu zilizowekwa katika kesi ya McDonnell Douglas ya mwaka 1973. Kwanza, mfanyakazi aoneshe mambo yanayotosha kuleta shaka ya ubaguzi au kisasi. Pili, mwajiri ataje sababu halali ya uamuzi wake. Tatu, mfanyakazi apewe nafasi ya kuonesha kuwa sababu hiyo ni kisingizio.

Ukitazama vizuri utaona jambo la ajabu. Mwajiri ambaye siku ya kufukuza alisema "sina haja ya kutaja sababu", akifika mbele ya sheria inambidi aitaje. Na sababu iliyotungwa baadaye mara nyingi hugongana na yaliyoandikwa kabla: tathmini nzuri za kazi, ujumbe wa pongezi, au mwenzake aliyechelewa mara tano na hakufukuzwa. Ndiyo maana kumbukumbu za mfanyakazi ni mali kubwa. Qur'an katika Surat al-Baqara, aya ya 282, imetuelekeza kuandika madeni yetu, dogo au kubwa, bila kuchoka. Sisi tunaoisoma aya hiyo ndio tumekuwa watu wa "tulikubaliana kwa mdomo".

Haki za aliyefukuzwa hata kama hakuna ubaguzi

Tuseme hakuna ubaguzi wowote, kampuni imeamua tu. Je, mtu anaondoka mikono mitupu? La hasha.

Kwanza, ni mshahara wa siku zote alizofanya kazi, pamoja na saa za ziada kwa wanaostahili, yaani zile zinazozidi 40 kwa wiki, ambazo hulipwa mara moja na nusu. Muda wa kulipa unatofautiana kwa majimbo. California, kwa mfano, inamtaka mwajiri alipe siku ile ile ya kufukuza, na akichelewesha kwa makusudi hutozwa hadi mshahara wa siku 30. Hata asiye na kibali cha kufanya kazi anadai ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya.

Pili, ni fao la kukosa ajira. Mpango huu uliwekwa na sheria ya mwaka 1935 na unaendeshwa na majimbo kwa kodi wanayolipa waajiri. Aliyefukuzwa bila kosa kubwa la utovu wa nidhamu, mwenye kibali cha kufanya kazi na anayetafuta kazi nyingine, hulipwa sehemu ya mshahara wake kila wiki. Majimbo mengi hutoa hadi wiki 26, mengine pungufu ya hapo. Wapo ndugu zetu wanaoona haya kuliomba wakidhani ni sadaka. Si sadaka. Ni bima.

Tatu, ni bima ya afya. Kampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi inapaswa kumwachia aliyefukuzwa aendelee na bima ile ile kwa miezi 18 kwa kawaida, ila sasa atailipia mwenyewe. Anayo siku 60 za kuamua.

Nne, panapofungwa kiwanda au kupunguzwa watu wengi kwa mpigo, sheria ya mwaka 1988 inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 100 au zaidi kutoa notisi ya siku 60.

Kiinua mgongo sicho haki ya kisheria huko. Kampuni ikikitoa, mara nyingi hukiambatanisha na karatasi ya kusamehe madai yote. Hiyo ndiyo karatasi aliyopewa mdogo wangu. Kwa wiki mbili za malipo alikuwa anauza haki ya kuuliza kwa nini amefukuzwa. Mwenye miaka 40 na zaidi, ili msamaha wake wa madai ya ubaguzi wa umri uwe halali, sheria inataka apewe siku 21 za kufikiri na siku 7 za kubadili nia baada ya kusaini. Aliye chini ya umri huo hana kinga hiyo, lakini hakuna sheria inayomlazimisha kusaini papo hapo.

Kwa walioingia kwa viza ya kazi ya H-1B, kuna jambo jingine la haraka. Akiachishwa, kwa kawaida ana hadi siku 60, au hadi kibali chake kiishe kama kinaisha mapema zaidi, kutafuta mwajiri mpya, kubadili hadhi yake ya ukaazi, au kuondoka. Na kama ameachishwa kabla ya muda wa kibali kwisha, mwajiri anapaswa kugharamia nauli ya kumrudisha kwao.

Muda ni adui

Haki isiyodaiwa kwa wakati hufa. Malalamiko ya ubaguzi hupelekwa katika Tume ya Fursa Sawa za Ajira, ijulikanayo kama EEOC, ndani ya siku 180, ambazo huongezeka kufikia 300 pale ambapo jimbo lina taasisi yake inayosimamia sheria ya namna hiyo. Kufungua lalamiko hakuna malipo, na kwa kesi za dini huwezi kuruka hatua hiyo ukaenda mahakamani moja kwa moja. Tume ikimpa mlalamikaji barua ya ruhusa ya kushitaki, anazo siku 90 tu. Aliyefukuzwa kwa kujiunga na wenzake kudai maslahi ana miezi sita ya kulalamika. Aliyefukuzwa kwa kuripoti hatari kazini ana siku 30 chini ya sheria ya usalama kazini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwambie nduguyo aliyeko huko afanye haya siku ile ile. Asisaini asichokielewa. Aombe nakala ya kila karatasi. Aandike kwa tarehe na saa kila kilichosemwa, nani alisema na nani alisikia. Atunze hati za mshahara na ujumbe wa simu unaomhusu, bila kuchukua siri za kampuni. Aombe fao la kukosa ajira wiki hiyo hiyo. Kisha atafute ushauri; zipo ofisi za msaada wa sheria kwa wasio na uwezo, na wapo mawakili wanaolipwa pale tu mteja anaposhinda. Zaidi ya hayo, asitoe maneno ya hasira mlangoni, kwani yatakuja kusomwa mbele yake.

Na huku kwetu?

Mtu anaweza kusema haya ni ya Wamarekani. Lakini linganisha na ulichonacho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imekwenda kinyume kabisa na ajira ya hiari. Hapa mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kuwa alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri athibitishe sababu na amsikilize mfanyakazi kabla ya kumfukuza kwa kosa.

Hata hivyo, haki hiyo nayo ina masharti. Kwa Tanzania Bara, aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuwa ameachishwa isivyo halali. Na aliyeachishwa anatakiwa kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Ni wangapi katika mitaa yetu wamefukuzwa dukani, shuleni au kiwandani, wakakaa miezi mitatu wakimsubiri bosi apoe hasira, kisha wakaambiwa wamechelewa? Na sisi wenye madrasa, maduka na magari ya abiria, ni wangapi tunaowaachisha vijana wetu kwa simu moja jioni, kana kwamba tuko Tennessee ya mwaka 1884?

Mdogo wangu hakusaini. Aliomba fao la kukosa ajira na akalipata, na kwa fedha hiyo watoto wa mama mdogo hawakurudishwa nyumbani. Lalamiko lake amelifikisha kwenye tume, akiwa na daftari lenye tarehe za Ijumaa zote mbili na jina la mwenzake aliyesikia. Hadi naandika haya halijaamuliwa, na huenda asishinde. Lakini juzi aliponipigia hakusema tena kuwa sheria ya huko ndivyo ilivyo. Alisema: "Kaka, sasa wao ndio wanatafuta sababu."

Wabillahi tawfiq.